AFYA NYUMBANI MWETU: Maji Hufuata Chumvi, Chumvi Hufuata Sukari

Mwezi huu ukurasa wetu unajibu swali tulilokutana nalo safarini. Tuliulizwa mbele ya watu, tukajibu kwa haraka, na tuliporudi nyumbani tukaona kwamba jibu letu halikutosha. Basi tunalijibu upya hapa, kwa nafasi.

Tulikuwa Mchombe, katika bonde la Kilombero, upande ule ambao barabara ya kutoka Ifakara kwenda Mlimba hupita chini ya milima ya Udzungwa. Ulikuwa msimu wa mpunga. Wanaolijua bonde hili wanajua kwamba wakati wa kilimo familia nyingi huhama kijijini na kwenda kukaa mashambani kwenye madungu kwa wiki nyingi, wakilima, wakipalilia na kulinda mpunga usiliwe na ndege. Watoto wadogo huenda pamoja na mama zao. Huko zahanati ni mbali, na mvua ikinyesha njia hugeuka matope.

Baada ya ibada tulikaa na akina mama chini ya mwembe, tukazungumza juu ya kuharisha kwa watoto. Mama mmoja kijana akanyosha mkono. Alisema: "Mwanangu alipoharisha nilimpa maji safi ya kuchemsha, mengi tu, lakini yalipita kama maji kwenye chujio. Nilipofika zahanati, mganga alichukua maji hayo hayo, akatia dawa ya unga ya pakiti, akaniambia ndani yake mna chumvi na sukari. Mtoto akapata nafuu. Sasa naomba kujua, chumvi na sukari zinafanya nini tumboni ambalo maji peke yake hayawezi?"

Kabla hatujajibu, bibi mmoja aliyekuwa ameketi pembeni akasema kwa sauti ya chini: "Mimi chumvi naiogopa." Akatueleza kwamba mwaka mmoja mjukuu wake aliharisha usiku wakiwa dunguni. Yeye alikuwa amesikia kuwa maji ya chumvi na sukari ni dawa. Sukari ilikuwa imebaki kidogo, chumvi ilikuwapo tele. Akafikiri kwamba kama chumvi kidogo ni dawa, basi chumvi nyingi ni dawa zaidi, akatia ya kujaza kiganja. Mtoto akazidi kuharisha, akawa na kiu isiyokatika, kisha akalegea na kusinzia. Alfajiri baba yake alimbeba kwa baiskeli hadi zahanati. Kwa neema ya Mungu alipona, na siku hizi anasoma shule. Lakini bibi yule hajampa tena mtoto yeyote maji ya chumvi na sukari tangu siku hiyo.

Akina mama hawa wawili waliuliza jambo moja. Jibu lake limo ndani ya vitu vidogo mno, ambavyo macho yetu hayavioni.

Nyumba ndogo zisizohesabika

Mungu ameujenga mwili wa kila kiumbe kwa chembe hai, ambazo watu wengine huziita seli. Kama vile nyumba ya matofali ilivyojengwa kwa tofali moja moja, ndivyo ngozi, damu, ini na utumbo vilivyojengwa kwa chembe. Ila tofali limekufa, na chembe iko hai. Inakula, inapumua, inatoa takataka. Kwa hiyo ni heri kuifananisha na nyumba yenye watu kuliko na tofali.

Ukuta wa nyumba hiyo ni utando mwembamba sana wa mafuta. Kila mpishi anajua kwamba mafuta na maji havichanganyiki; mafuta huelea juu ya mchuzi. Ndiyo maana utando huu unafaa kuwa ukuta. Unatenga maji ya ndani ya chembe na maji ya nje. Hewa tunayovuta inaweza kupenya kwenye utando huo moja kwa moja, bila kubisha hodi. Lakini chumvi na sukari, ambazo huyeyuka katika maji na si katika mafuta, haziwezi kupenya. Zinahitaji mlango. Kwa hiyo Muumba ameweka milango ya kila namna katika ukuta huo, na kila mlango una kitu chake unachokipitisha.

Maji nayo yana milango yake. Kwa muda mrefu wataalamu walishangaa jinsi maji yanavyopita upesi katika kuta za chembe fulani, mpaka mwaka 1992 ambapo Peter Agre wa Marekani na wenzake walionyesha mfereji mwembamba unaopitisha maji tu. Alipewa tuzo ya Nobel mwaka 2003 kwa kazi hiyo.

Lakini kuwapo kwa mlango hakutoshi. Ni nini kinachoyafanya maji yaingie au yatoke? Jibu tunaweza kuliona jikoni.

Jaribio la viazi viwili

Mwite mwanao mwenye umri wa kwenda shule mfanye jambo hili pamoja. Menya kiazi mviringo kibichi, kikate vipande viwili vyembamba vinavyolingana. Chukua glasi mbili za maji. Moja iache na maji matupu. Ya pili tia vijiko viwili vikubwa vya chumvi, ukoroge. Weka kipande kimoja katika kila glasi, uviache mpaka asubuhi.

Asubuhi mtaona tofauti. Kipande kilicholala katika maji matupu kimekuwa kigumu, ukikipinda kinakatika. Kile kilicholala katika maji ya chumvi kimelegea na kinapindika kama ndala kuukuu. Chembe za kile cha kwanza zimeingiza maji zikajaa. Chembe za cha pili zimepoteza maji yake, yamevutwa nje.

Hii ndiyo kanuni tunayotaka mama aikumbuke: maji hupita kwenye ukuta wa chembe kuelekea upande wenye chumvi au sukari nyingi zaidi. Hayasukumwi. Hufuata.

Mkishaijua kanuni hii mtaiona kila mahali. Ukinyunyizia chumvi vitunguu na kabichi vya kachumbari, baada ya muda mfupi bakuli lina maji ambayo hukuyamimina wewe. Wavuvi wa mto Kilombero wakipaka kambale au perege chumvi, maji ya samaki hutiririka nje kabla jua halijamaliza kazi. Mchicha ulionyauka ukiutia katika maji baridi hujinyosha tena. Na mkulima akiweka mbolea ya chumvichumvi nyingi karibu mno na shina, mche huungua ingawa udongo ni wa unyevu, kwa kuwa maji yanavutwa kutoka kwenye mizizi badala ya kuingia.

Kanuni hii ndiyo inayowaongoza waganga katika dripu. Maji ya dripu iliyozoeleka yametiwa chumvi, gramu 9 katika lita moja. Hayo yanalingana na damu. Kama mgonjwa angetiwa maji matupu kwenye mshipa, chembe nyekundu za damu zingefyonza maji hayo, zikavimba na kupasuka.

Sasa tunaweza kumjibu bibi yetu wa Mchombe. Ule ujazo wa kiganja uligeuza tumbo la mjukuu wake likawa kama ile glasi ya pili. Maji yaliyokuwa yamebaki mwilini yalivutwa kwenda tumboni, na ndiyo maana kuharisha kukazidi. Na ile chumvi iliyofaulu kuingia katika damu ilivuta maji kutoka katika chembe za ubongo. Hapo mtoto husinzia, na huweza hata kupata degedege. Bibi hakukosea kutumia chumvi. Alikosea kipimo.

Pampu, na mlango wa wawili

Bado swali la mama kijana. Ikiwa maji hufuata chumvi, mwili unawezaje kuvuta maji kutoka tumboni na kuyapeleka kwenye damu?

Kila siku utumbo wa mtu mzima hupokea kama lita 8 au 9 za maji. Lita kama 2 hivi ni za chakula na vinywaji. Zilizobaki ni mate, nyongo na maji mengine ambayo mwili wenyewe humimina humo ili kusaga chakula. Karibu yote hurudishwa mwilini. Kinachotoka katika choo cha mtu mwenye afya hakifikii hata robo lita. Kazi hiyo kubwa inafanywa na chembe zilizopangwa kwenye ukuta wa utumbo, nazo huifanya kwa njia ya chumvi.

Upande wake wa nyuma, ule unaoelekea kwenye damu, kila chembe ina pampu ndogo nyingi. Mtu aliyeigundua pampu hiyo ni Jens Skou wa Denmark, mwaka 1957, akapewa tuzo ya Nobel miaka 40 baadaye. Pampu hutoa nje sodiamu tatu, ambayo ni sehemu ya chumvi, na kuingiza potasiamu mbili. Inakula nguvu ya chakula tunachokula, na haipumziki usiku wala mchana. Kwa sababu hiyo ndani ya chembe sodiamu ni chache daima, na iliyoko tumboni inatafuta nafasi ya kuingia.

Upande wa mbele, unaoelekea tumboni, ipo milango kadhaa ya kuingizia chumvi. Mmoja wa milango hiyo una masharti ya ajabu. Haumfungulii mgeni mmoja. Sodiamu ikija peke yake, haupitishi. Sukari ya glukosi ikija peke yake, haupitishi. Zikija pamoja, sodiamu mbili na glukosi moja, mlango unafunguka na wote wanaingia. Aliyeeleza jambo hili kwa mara ya kwanza ni Robert Crane wa Marekani, katika mkutano wa wataalamu mjini Prague mwaka 1960.

Na wageni hao wakishaingia ndani na kupita hadi kwenye damu, maji huwafuata. Hiyo ndiyo kazi ya sukari katika ule unga wa pakiti. Haikuwekwa ili mtoto afurahie utamu. Sukari inaifungulia chumvi mlango, na chumvi inayavuta maji.

Mlango ambao kipindupindu hakiufungi

Hapa tunafika kwenye kiini cha habari. Kijidudu cha kipindupindu kikiingia tumboni hakiitoboi chembe wala kuiua. Hutoa sumu ambayo huingia ndani ya chembe na kuiharibia utaratibu wake. Milango ya kutolea chumvi hubaki wazi, na chumvi humwagika tumboni, maji yakiifuata. Wakati huo huo mlango wa kawaida wa kuingizia chumvi peke yake huzibwa. Mtu mzima mwenye kipindupindu kikali anaweza kupoteza lita moja ya maji kwa saa moja. Asiposaidiwa anaweza kufa siku hiyo hiyo.

Lakini ule mlango wa wawili, wa sukari na chumvi, sumu haiugusi. Unabaki mzima hata mgonjwa akiwa katika hali mbaya. Ndiyo maana maji matupu yalipita tu tumboni mwa yule mtoto wa Mchombe: hayakuwa na cha kufuata. Walipokuja wageni wawili wanaojua kufungua mlango, maji yakaingia nyuma yao.

Watu wa bonde la Kilombero hawahitaji kusimuliwa kipindupindu. Mwaka 1997 kiliingia Ifakara. Watafiti waliwachunguza wagonjwa 180 wa mwanzo waliofika hospitalini, wakawalinganisha na watu 360 ambao hawakuugua. Mambo matatu yalijitokeza zaidi kwa wale waliougua: kuoga mtoni, kuishi mbali na chanzo cha maji, na kula samaki wakavu. Vijidudu vya kipindupindu vilipatikana katika chanzo kikuu cha maji cha Ifakara na katika vinyesi vya wagonjwa, navyo vilikuwa vya namna moja. Kwa hiyo tunapozungumza juu ya maji ya dawa tusisahau maji ya kunywa. Yachemshwe au yatiwe dawa. Samaki mkavu apikwe vizuri, aliwe angali moto. Na mikono ioshwe kwa sabuni baada ya choo na kabla ya kushika chakula.

Jinsi dunia ilivyojifunza

Kati ya mlango ulioelezwa Prague na mtoto aliye kitandani kulikuwa na safari. Mwaka 1968 waganga wawili vijana wa Kimarekani, David Nalin na Richard Cash, wakifanya kazi Dhaka, nchi ambayo sasa ni Bangladesh, walionyesha kwamba wagonjwa wa kipindupindu wanaokunywa maji yenye glukosi na chumvi kwa kipimo huhitaji dripu chache sana.

Mwaka 1971 vita vilizuka nchini humo na mamilioni ya watu wakakimbilia India. Katika kambi ya Bongaon kipindupindu kiliwashika wakimbizi, na dripu zikaisha. Mganga Mhindi, Dilip Mahalanabis, akaamua kutumia maji ya chumvi na sukari yaliyochanganywa na kuwekwa katika mapipa. Waliowanywesha wagonjwa ni ndugu zao wenyewe: mama, shangazi, kaka, kwa kikombe. Kabla ya hapo walikuwa wakifa karibu watu 30 katika kila 100. Kwa wale walionyweshwa hivyo, waliokufa hawakufikia 4 katika kila 100.

Tunaomba akina mama waliangalie jambo hilo kwa makini. Ule ulikuwa mwaka wa vita, watu wamelala kwenye matope, na mikono iliyookoa maisha ilikuwa ya jamaa za wagonjwa. Mganga alileta kipimo. Jamaa walileta uvumilivu.

Baadaye, Bangladesh ilipokuwa nchi huru, shirika la BRAC lilituma walimu wanawake nyumba kwa nyumba kuwafundisha akina mama kutengeneza maji hayo kwa chumvi ya jikoni na sukari guru. Kazi hiyo ilianza karibu na mwaka 1980, ikachukua miaka 10, na ikazifikia nyumba zaidi ya milioni 12. Malipo ya mwalimu yalitegemea jinsi wanafunzi wake walivyokumbuka na kupima sawasawa. Hawakuridhika na kusikia kwamba mama amefundishwa. Walitaka kuona amejua.

Kipimo cha nyumbani

Sasa tuandike kipimo chenyewe. Tunashauri ukikate ukurasa huu na kuubandika ukutani, au uuchukue mnapohamia shambani.

1. Pakiti ya ORS ndiyo bora kuliko yote. Ndani yake mna glukosi, chumvi, potasiamu na sitreti kwa vipimo vilivyopangwa. Soma kiasi cha maji kilichoandikwa kwenye pakiti na ukifuate. Usiigawe pakiti wala usipunguze maji ili dawa iwe kali. Familia inayohamia dunguni ingefaa iwe na pakiti kadhaa pamoja na kibiriti na chandarua.

2. Kama pakiti haipo, chukua maji safi lita moja, yaliyochemshwa yakapoa. Chupa mbili za maji za nusu lita hutimiza lita moja. Tia sukari vijiko 6 vya chai na chumvi NUSU kijiko cha chai. Vijiko viwe vya sawasawa: pitisha kisu juu ya kijiko ili kusibaki kilima. Koroga mpaka viyeyuke.

3. Onja kabla ya kumpa mtoto. Maji hayo yasizidi machozi kwa chumvi. Yakizidi, yamwage utengeneze mengine.

4. Mpe mtoto kila baada ya kuharisha. Aliye chini ya miaka miwili apewe robo kikombe hadi nusu kikombe. Mkubwa zaidi apewe nusu hadi kikombe kizima. Mtoto mdogo mnyweshe kwa kijiko, kijiko kimoja kila dakika moja au mbili. Akitapika, subiri dakika 10 kisha endelea polepole zaidi. Haba na haba hujaza kibaba.

5. Usiache kunyonyesha. Anayekula aendelee kula. Ndizi mbivu iliyopondwa inafaa sana kwa aliyezidi miezi sita, kwa kuwa ina potasiamu, ambayo mchanganyiko wa nyumbani hauna.

6. Maji yaliyobaki baada ya saa 24 yamwagwe.

7. Omba vidonge vya zinki zahanati. Mtoto aliyezidi miezi sita hupewa miligramu 20 kwa siku, aliye chini ya hapo miligramu 10, kwa siku 10 hadi 14, hata kama kuharisha kumekoma.

Akina mama wa bonde la mpunga wana akiba nyingine. Uji mwepesi wa mchele, unaomiminika kama maji, uliotiwa chumvi nusu kijiko cha chai kwa lita moja, nao hufanya kazi hiyo kwa mtoto aliyekwisha kuanza kula. Wanga wa mchele ni glukosi nyingi zilizoshikana. Utumbo huziachanisha moja moja, na kila moja hufungua mlango. Na kwa kuwa zimeshikana, hazivuti maji tumboni kama ambavyo sukari nyingi ingevuta.

Hii inatukumbusha kuhusu soda. Wazazi wengine humpa mtoto anayeharisha soda au maji ya matunda ya dukani, wakisema "ina sukari". Ni kweli, lakini sukari yake ni nyingi mno na chumvi hamna. Kumbuka kiazi: sukari nyingi nayo huvuta maji. Soda huweza kuzidisha kuharisha.

Maji ya chumvi na sukari hayakatishi kuharisha mara moja. Mama asivunjike moyo akiona choo bado ni maji. Kazi ya dawa hii ni kurudisha kinachopotea wakati mwili unapigana na ugonjwa. Waswahili husema maji yakimwagika hayazoleki. Haya ya mwilini yanazoleka, mradi tuwahi.

Na ziko dalili ambazo mama hapaswi kungoja nazo nyumbani: damu katika choo, mtoto kushindwa kunywa au kutapika kila kitu, kusinzia na kulegea, degedege, macho kuingia ndani, utosi kubonyea, au ngozi ya tumbo ukiifinya inachelewa kurudi. Hapo safari ianze mara moja, hata kama ni usiku, na njiani mtoto aendelee kunyweshwa kijiko kwa kijiko kama anaweza kumeza. Tunawaomba na akina baba wasome sehemu hii. Baiskeli au pikipiki ya nyumbani ni ya mtoto saa kama hiyo.

Kisima kilikuwapo

Katika kitabu cha Mwanzo, sura ya 21, tunasoma habari za Hajiri. Alifukuzwa, akatangatanga jangwani na mtoto wake, na maji ya kiriba yakaisha. Akamlaza mtoto chini ya kijiti, akaenda kuketi mbali kidogo kwa sababu hakuweza kumtazama akifa, akalia. Mungu akaisikia sauti ya mtoto. Maandiko hayasemi kwamba maji yalishuka kutoka mbinguni. Yanasema Mungu alimfumbua macho, akaona kisima, akaenda kujaza kiriba na kumnywesha mwanawe.

Mara nyingi tumeisoma habari hiyo bila kuona kwamba Hajiri alibaki na kazi ya kufanya: kuinuka, kuchota na kunywesha. Mungu alifumbua macho. Mikono ilikuwa ya mama.

Tunamwandikia hasa yule bibi wa Mchombe. Bibi, usiiogope chumvi. Nusu kijiko, si kiganja. Sukari vijiko sita, iongozane nayo mlangoni. Maji lita moja. Onja kwanza, na yasizidi machozi. Ukiwa dunguni usiku na mtoto akaanza kuharisha, vitu hivyo vitatu vikiwa jikoni kwako, kisima kipo. Utaanza na kijiko cha kwanza, na kutakapopambazuka mtakuwa njiani kwenda zahanati na mtoto aliye macho.

Na yule mama kijana, ahsante kwa swali. Wafundishe na wenzako kabla hawajahamia mashambani, na usiridhike mpaka kila mmoja amepima mbele yako.

Mungu awabariki nyote. Tuonane mwezi ujao.